Vipindi vya nahau za Kiingereza vya BBC: vilinifaa wapi, vikaniachia wapi

Niko kwenye ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo hapa Mtwara mjini. Msimu wa korosho ukifunguka, kuanzia Oktoba hivi, barua pepe za India na Vietnam zinamiminika mpaka chakula cha mchana kinaliwa mbele ya kompyuta. Korosho ghafi zetu nyingi zinakwenda huko, na lugha ya kuelewana ni Kiingereza, ambacho kwao si lugha ya mama na kwetu pia si lugha ya mama. Kiingereza cha sekondari ninacho. Mkataba nausoma na barua naiandika. Kilichokuwa kinanitoa jasho ni simu, pale mtu anapoongea akiwa amejiachia: kila neno unalijua, ila sentensi nzima haikuambii kitu.

Ndipo nikaanza kusikiliza BBC Learning English. BBC walianza kufundisha Kiingereza redioni mwaka 1943, na siku hizi vipindi vyao viko kwenye intaneti bure kabisa. Vingine nilivijaribu nikaviacha, nimebaki na viwili.

Cha kwanza kinaitwa The English We Speak. Ni kama dakika tatu tu. Watangazaji wawili wanaokota msemo mmoja, wanaigiza kidogo (utani wao mwingine baridi, lakini unauzoea), wanaeleza maana, kisha inakuja mifano mitatu ya haraka haraka ya watu wakiutumia. Cha pili ni 6 Minute English. Humo wanazungumza juu ya mada fulani, usingizi, pesa, chakula, chochote. Mwanzoni wanakuuliza swali lenye majibu matatu ya kuchagua, jibu wanakupa mwishoni, na katikati wanapanda maneno na misemo sita ambayo wanairudia kabla ya kuaga.

Kinachonifanya nivisifu zaidi ni maandishi. Kila kipindi kina maandishi yake ya kupakua. Mimi nasikiliza kwanza kikavu, bila kuangalia popote. Nikikwama naacha nikwame. Halafu nasikiliza tena huku nafuata maandishi, na hapo ndipo unagundua kwamba neno lililokupita hukulijua kwa sikio tu, kwa macho ulikuwa nalo tangu kidato cha pili. Waingereza wanakula nusu ya silabi zao. Hakuna mwalimu wa ubaoni aliyewahi kuniambia hilo.

Kuhusu bando: faili la sauti la dakika tatu ni jepesi mno, wimbo mmoja wa bongo fleva ni mzito kuliko hilo. Pakua vipindi vingi siku ukiwa kwenye waifai, viweke kwenye simu, usikilize kwenye daladala ya Mikindani au ukisubiri kivuko cha Msangamkuu. Video zao ni nzuri pia lakini zinakula, na kwa nahau huhitaji picha.

Kabla ya hapo niliwahi kulipa ada ya kozi ya jioni hapa hapa mjini, jina lake silitaji. Kwa kuongea ilinisaidia, kwa sababu mlikuwa mnalazimishana kufungua mdomo, na hilo BBC hawawezi kukufanyia. Kwa nahau ilikuwa hasara. Tulipewa karatasi yenye orodha ndefu, kushoto msemo, kulia maana, tukariri, Ijumaa mtihani. "It's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa inanyesha, ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, kama ilivyo ya kwanza kwenye kila orodha Tanzania hii. Sijawahi kuisikia mdomoni mwa Mwingereza hata mmoja, na masika ya huku tumeyaona pamoja.

Anayefaidi vipindi hivi kuliko mimi ni shemeji yangu, ambaye anatembeza watalii Mikindani. Anawaonyesha boma la Wajerumani, soko la zamani la watumwa, anawasimulia Livingstone aliyeanzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Wageni wake wengi ni Waingereza wa umri mkubwa, na hao ndio wenye mali hii. Mama mmoja wa makamo alimuuliza ni wapi anaweza "spend a penny". Shemeji akaona biashara imejitokeza, akampeleka mbio kwa wachonga vinyago vya Kimakonde. Kumbe bibi wa watu anatafuta choo. Zamani kule kwao vyoo vya umma vilifunguka kwa kutumbukiza sarafu ya peni moja, na msemo ukabaki hata baada ya vyoo hivyo kutoweka. Mwingine akamwambia "I could murder a cup of tea", yaani ana hamu kubwa ya chai, hakuna wa kuuawa. Kwa mtu wa kazi kama yake, The English We Speak ni chombo cha kazi kabisa. Nakipa nyota zote tano kwa niaba yake.

Kwangu mimi naanza kupunguza nyota, na hapa ndipo nataka wenzangu wa korosho, wa bandari na wa kliaringi wanisikilize. Kiingereza kinachoingia kwenye ofisi zetu sicho cha London. Mnunuzi wa Kihindi akikuandikia "Kindly do the needful", anataka ufanye kinachotakiwa, bila kukitaja, kwa sababu anaamini unakijua. Waingereza wenyewe walikuwa wakisema hivyo enzi hizo, wakaacha, India ikaendelea nao. Akiandika "Please revert by tomorrow", kamusi ya kawaida itakwambia "revert" ni kurudi kwenye hali ya zamani, na utakaa unajiuliza mkataba unarudishwa wapi. Anataka jibu, basi. Bosi wake akiwa "out of station", hayupo mjini, amesafiri. Haya sijayakuta BBC, nimeyaokota kwenye barua zenyewe na kwa kaka mmoja wa ofisi ya jirani aliyezeeka kwenye biashara hii. Nimeyaandika kwenye daftari langu, na ndilo daftari linalozunguka ofisini kuliko kitabu chochote.

Wavietinamu nao wanaandika Kiingereza kifupi kilichonyooka, hakina pambo. Ukiwarushia nahau uliyoisikia jana kwenye simu, umewapa kazi. Nilichojifunza ni kwamba nahau nyingi ni za kuelewa, si za kusema. Ukiisikia uipate, inatosha.

Mabaharia wametangulia sana kwenye hili. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, mwaka 2001 lilipitisha mkusanyo wa maneno ya kuwasiliana melini, ambao unakwepa misemo na maneno yenye maana mbili kwa makusudi, kwa sababu nahodha wa taifa hili na rubani wa bandari wa taifa lile wasipoelewana, meli inapanda mwamba. Hata namba mara nyingi wanazitaja tarakimu moja moja: 150 ni moja, tano, sifuri. Ukiwasikiliza kwenye redio unaweza kudhani hawajui Kiingereza.

Hata hivyo kuna misemo ambayo usipoielewa unapoteza pesa, na hiyo BBC wamenisaidia kuisikia inavyotamkwa. Mtu akikuomba "a ballpark figure" anataka makadirio. Ukimpa tarakimu kamili ya tani au ya bei, anaweza kuishika kama ahadi. Msemo umetoka kwenye viwanja vya besiboli vya Marekani, lakini sasa unausikia kwa Wahindi, kwa Waarabu wa Dubai, kwa kila mtu. Akisema "the ball is in your court", anakusubiri wewe uchukue hatua, kwa hiyo ukikaa kimya mnasubiriana mpaka meli iondoke. "Let's play it by ear": hatupangi kitu sasa, tutaangalia mambo yanavyokwenda. Kwa mtu mwenye kontena bandarini jibu hilo ni baya, dai tarehe.

Na nikiulizwa ni nini hasa kinachokwamisha Watanzania wengi, sitasema nahau za paka na mbwa. Ni vile vitenzi vifupi vinavyotembea na kineno nyuma. "Put off" ni kuahirisha, "put up with" ni kuvumilia, "put through" ni kumuunganisha mtu kwenye simu. "Look into" ni kuchunguza, "look after" ni kutunza, "look forward to" ni kusubiri kwa hamu. Vinatumika kutwa nzima, havina uzuri wowote wa kukufanya uvikumbuke, na havikaririki kwa orodha. BBC wanavigusa, ila kimoja kimoja na kwa kurukaruka.

Kwa hivyo nimeoanisha vipindi na kamusi ya Longman ya wanaojifunza, ambayo iko bure mtandaoni. Maelezo yake yameandikwa kwa kutumia maneno ya kawaida kama 2,000 tu, kwa hiyo hufungui neno moja ukaishia kutafuta mengine manne. Unabonyeza spika unasikia matamshi ya Uingereza au ya Marekani. Ukifungua "put", vitenzi vyake vyote vimepangwa chini pamoja na mifano. Inataka intaneti muda wote, hilo ulijue, na inataka uwe angalau na Kiingereza cha kidato cha nne. Aliyeishia darasa la saba, ambako masomo ni kwa Kiswahili, atahitaji kwanza kamusi ya Kiingereza na Kiswahili na mtu wa kumshika mkono. Hata 6 Minute English itamkimbia.

Nikipewa nafasi ya kuomba, ningeomba mtu wa huku atengeneze vipindi vya dakika tatu tatu kwa maelezo ya Kiswahili, mifano yake iwe mnadani, ghalani, kwenye geti la bandari na kwenye kaunta ya hoteli, na sauti ziwe za Wahindi, Wafilipino na Wavietinamu pamoja na za Waingereza. Mpaka hapo, kwa anayefanya kazi na watalii, anza na The English We Speak leo. Kwa wa korosho, anza na barua pepe za msimu uliopita: pigia mstari kila ulichoruka bila kuelewa, kitafute kwenye kamusi, vipindi vifuate baadaye. Na fanya hivyo kabla ya Oktoba, minada ikianza hakuna anayepata muda wa kusikiliza hata dakika hizo tatu.