"Kasa Walikuwepo Hapa Kabla Yenu": Uzoefu Wangu katika Kijiji cha Mapumziko Kinachojali Mazingira

Nilikusudia kuyaandika maoni haya kwa upole, kwa sababu mahali penyewe ni pazuri, na kwa sababu naamini kwa dhati kwamba tukiendelea kumwaga zege mpaka ukingoni mwa maji, pwani tunayoikimbilia wakati wa likizo haitakuwepo tena. Hata hivyo, kila ninapoyakumbuka maneno niliyoambiwa pale mapokezi upole huo unaniishia, hivyo msomaji anivumilie endapo hukumu yangu itapanda na kushuka.

Ukubwa wa vitanda, vifaa vya jikoni na umbali wa kufika ufukweni vimeelezwa katika matangazo yao, nami sitavirudia. Itoshe kusema kwamba kijiji kina makazi ya aina mbili: nyumba ndogo za mbao zilizosimamishwa juu ya nguzo nyuma ya matuta ya mchanga, na karavani zilizoegeshwa moja kwa moja upande wa chini, karibu na lango. Sisi tulipewa karavani. Tulikuwa familia nzima, pamoja na mama mkwe wangu ambaye magoti yake hayamruhusu kutembea mchangani gizani, na ni kwa ajili yake hasa tulichagua karavani yenye choo ndani, tukaziacha zile zinazotegemea vyoo vya pamoja.

Choo hicho ndicho kisa chote. Ni choo kikavu, yaani hakitumii maji hata tone: mkojo hupita upande wa mbele na kuingia katika dumu lake, na kinyesi huangukia nyuma katika pipa, kisha mtu hufunika kwa maranda. Haki isemwe, choo cha namna hii kikitunzwa hakinuki. Uvundo tunaouogopa huzaliwa pale mkojo na kinyesi vinapochanganyika na hewa ikakosekana ndani yake. Vikitenganishwa, vikafunikwa kwa kitu kikavu, na pakawa na feni ndogo inayovuta hewa kutoka kwenye pipa na kuitoa kwa bomba lililopanda juu ya paa, unaweza kulala hatua chache kutoka hapo na usijue kuna choo. Feni yenyewe hula wati chache tu. Sharti lake ni moja, nalo ni kwamba isizimike, usiku wala mchana.

Ilizimika usiku ule ule tuliofika, pamoja na taa zote, kwa kuwa vyote vilitegemea betri moja. Sitaeleza zaidi ya inavyostahili. Mama mkwe wangu ni mtu wa staha na hakulalamika. Alifungua dirisha lililo karibu na kitanda chake, akajifunika shuka mpaka puani, akakaa hivyo hadi kulipokucha. Mimi nilikaa naye, na kadiri saa zilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuandaa kichwani maneno ya kumwambia mtu wa mapokezi, yote yakiwa ya kistaarabu.

Asubuhi nilimkuta dada mmoja, macho yake yakiwa kwenye simu. Nilimsalimu, akaitika bila kuinua uso. Nikamweleza kwamba umeme umekatika katika karavani yetu, kwamba feni ya choo imesimama, na kwamba tunaye mtu mzima ambaye hawezi kwenda mbali. Akanijibu: "Mama, hapa si hotelini. Hiki ni kijiji cha mazingira." Nikamwambia kwamba nalijua hilo, tena ndilo lililonileta, lakini feni haifanyi kazi. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza na kusema: "Umeme wa jua ndivyo ulivyo. Na taa hapa tunazipunguza kwa sababu ya kasa. Kasa walikuwepo hapa kabla yenu."

Nimeyageuza maneno hayo kila upande, na sijaona upande wenye adabu.

Kwanza, mimi sina ugomvi na kasa. Najua kwamba jike hupanda ufukweni usiku, akachimba na kufukia mayai ambayo kwa kawaida hufika 100 hivi, na kwamba baada ya miezi kama miwili vifaranga hutoka mchangani, mara nyingi usiku, na kuelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao katika ufuo usioharibiwa huwa ni upeo wa bahari. Wakiona taa za majengo nyuma yao hugeukia huko, na wengi hufa kwa kukauka, kuliwa na wanyama au kukanyagwa na magari. Kwa sababu hiyo ninaunga mkono kila kijiji cha mapumziko kinachozima taa zake. Ila kuna jambo ambalo mtu anayefanya kazi mahali pa kasa alipaswa kulijua kuliko mimi: dawa inayojulikana ni taa hafifu, zilizo chini, zilizozibwa upande wa bahari, zenye rangi ya kaharabu au nyekundu, yaani mwanga ambao urefu wa wimbi lake ni nanomita 560 au zaidi, ambao huwavuta vifaranga kwa kiasi kidogo sana. Kuwaacha wageni gizani si sehemu ya dawa hiyo. Na feni ya choo, kwa kadiri ya uelewa wangu mdogo, haitoi mwanga wa rangi yoyote.

Pili, na hili ndilo lililonipandisha hasira kutoka wastani hadi pale ilipo sasa, kijiji kina bango. Limesimama langoni, refu kuliko karavani yoyote, likiwa na picha ya kasa na ya jua pamoja na maneno ya kujisifu kwamba hapa watu wanaishi kwa nguvu ya jua peke yake. Usiku bango hilo humulikwa kwa taa nyeupe kali zinazotazama juu. Mimi na mume wangu tuliteremka hadi ufukweni kuhakikisha, na kweli, ukiwa umesimama majini kitu unachokiona waziwazi kuliko vyote nchi kavu ni kasa wa kuchorwa, amewashwa usiku kucha. Kasa halisi angetoka mchangani pale, angekwenda kwa huyo mwenzake wa kwenye bango.

Na mchana? Mchana bango hilo hilo liliangusha kivuli juu ya paneli iliyo kwenye paa la karavani yetu, kuanzia saa nane hivi hadi jioni. Mtu asiyejua ataona si kitu, kwani kivuli kilifunika pembe moja tu. Lakini ndani ya paneli za kawaida seli huunganishwa kwa mfuatano, hivyo zile chache zilizo kivulini huzuia umeme wa zile zilizo juani, na kivuli kidogo huweza kukata sehemu kubwa ya umeme kuliko eneo kilicholifunika. Betri yetu, basi, ilikuwa ikienda kulala na njaa kila siku, na betri za asidi zina tabia mbaya moja: zikishushwa mara kwa mara chini ya nusu ya chaji yake na kuachwa hivyo, hupoteza uwezo, mpaka inafika siku ambapo hata jua la kutwa haliwezi kuzifufua. Umeme wa jua, kwa hiyo, "ndivyo ulivyo" pale tu unapozuiwa na tangazo la umeme wa jua.

Yote hayo nisingeyajua kama si fundi wao, na hapa lazima niseme mazuri. Alifika baada ya kuitwa na kuitwa tena, lakini alipofika alivua viatu mlangoni, akamwamkia mama mkwe wangu shikamoo kabla ya kugusa chochote, akamwomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyelipanda lile bango. Alitufungulia kisanduku cha betri na kutuonyesha vichwa vyake vilivyoota ukoko wa kijani, kazi ya hewa ya chumvi juu ya shaba, akavikwangua na kuvipaka grisi. Akatuambia pia kwamba gunia la maranda tulilopewa lilikuwa na unyevu kwa kuhifadhiwa nyuma ya mabafu, na kwamba maranda mabichi hayana kazi katika choo kikavu. Kuhusu kivuli, alisema amekwisha kuliripoti jambo hilo kwa wakubwa wake zaidi ya mara moja, akajibiwa kwamba bango haliwezi kusogezwa kwa sababu linaonekana vizuri kutoka barabarani. Mwishowe alituletea betri kutoka katika nyumba ya mbao iliyokuwa tupu, jambo ambalo nililishukuru huku nikimhurumia mgeni atakayefuata huko.

Feni ikazunguka. Kwa saa chache tu harufu ilikwisha kabisa, na tangu hapo choo kile kilikuwa kisafi kuliko vyoo vingi vya maji nilivyowahi kuvikuta hotelini. Nilianza kulegea. Niliona kwamba njia za kwenda baharini zimeinuliwa kwa mbao ili watu wasikanyage majani yanayoshikilia matuta ya mchanga, na kwamba maji ya kuogea na kuoshea vyombo huchujwa katika bwawa la matete, ndiyo maana sabuni zilizokatazwa zilikatazwa. Watoto walilala mapema kwa sababu hapakuwa na kelele wala taa, ukiacha ile niliyokwisha kuitaja. Bahari yenyewe sina lugha ya kuieleza, na asubuhi moja mume wangu aliniambia kwamba pengine nyota nne zingekuwa haki, nami nikakubali.

Siku ya kuondoka yule dada wa mapokezi alitujulisha kwamba amana yetu imezuiwa. Tulipouliza sababu, tulisomewa kutoka kwenye karatasi kwamba karavani imehitaji usafi wa ziada kutokana na harufu ya choo. Naomba msomaji alitafakari hilo taratibu kama mimi nilivyolazimika kulitafakari nikiwa nimebeba mizigo. Harufu ya choo ambacho wao waliacha feni yake ifie kivulini kwa bango lao, choo ambacho mimi mwenyewe nilikwenda kukiripoti asubuhi ya kwanza, ilikuwa sasa ni kosa letu. Sikumjibu kwa maneno ya kistaarabu niliyoyaandaa. Nyota nne zilishuka hadi moja papo hapo, na hiyo moja ilikuwa ya fundi.

Amana ilirudishwa baadaye, bila maelezo na bila pole, na ndiyo maana leo ninaandika nikiwa na kichwa kilichopoa kidogo. Mtu mwenye afya njema, anayetaka utulivu na asiye na mzee wa kumhudumia, akipata nyumba ya mbao upande wa juu ambako hakuna kinachokinga jua, atafurahi, na huenda akashangaa ninapigia kelele nini. Atakayepewa karavani aulize, kabla ya kulipa chochote, iko umbali gani kutoka langoni, afungue kisanduku cha betri mchana kungali na mwanga, na aingize mkono ndani ya gunia la maranda ahakikishe ni makavu. Kama choo kina hitilafu, aipige picha akiwa na saa na tarehe.

Nimeweka nyota tatu. Nilipoanza kuandika zilikuwa mbili, na nikisoma upya habari ya amana naona hata hizo mbili ni za ukarimu. Mume wangu anataka turudi msimu ujao. Nimemwambia apige simu kwanza, aulize kama bango limesogezwa, na kama atakayepokea simu ni yule dada, akate.