Uzoefu wangu na programu ya kusafisha rejista ya Windows: miezi minne, leseni moja na Jumatatu moja mbaya

Ninaendesha duka la steshenari mjini Morogoro, lenye kompyuta mbili, printa mbili, mashine ya fotokopi na skana moja ambayo umri wake siutaji mbele ya wateja. Kompyuta kuu ni mpakato niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ya Windows 10, yenye RAM ya GB 4 na diski ngumu ya GB 500. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kufagia, kupanga rimu za karatasi na kumhudumia mteja wa kwanza wa fotokopi kabla haijawa tayari kufungua Word. Katika kuitafutia dawa nilikutana na programu iliyoahidi kusafisha rejista ya mfumo na kuirudishia kompyuta kasi ya siku ilipotoka kiwandani. Jina lake silitaji, kwa sababu nyingine mbili za aina hiyo nilizozijaribu baadaye zilifanya mambo yale yale, na tathmini hii inazihusu zote tatu.

Toleo la bure lilichunguza kwa dakika tatu hivi, kisha likaniletea tarakimu kubwa nyekundu: makosa 1,312. Chini yake iliandikwa kwamba hali ya kompyuta yangu ni ya hatari. Toleo hilo lilikubali kurekebisha sehemu ndogo tu, na yaliyobaki yalihitaji leseni ya mwaka mmoja, ambayo kwa fedha zetu ilinigharimu takriban shilingi 60,000. Nililipa usiku ule ule, na nakiri kwamba ni ile rangi nyekundu iliyonitoa fedha.

Kwa asiyeifahamu, rejista ni daftari ambamo Windows na programu zake huandika mipangilio yake: printa ipi itumike, faili ya aina fulani ifunguliwe na programu gani, kitu gani kiwake pamoja na kompyuta. Zamani, kabla ya Windows 95, mengi ya mambo hayo yaliandikwa katika faili za kawaida za maandishi kama WIN.INI na SYSTEM.INI. Siku hizi yamo katika matawi yenye majina marefu, kama HKEY_LOCAL_MACHINE kwa mambo ya kompyuta nzima na HKEY_CURRENT_USER kwa mambo ya mtumiaji aliyeingia. Programu inapoondolewa, mara nyingi baadhi ya maandishi yake hubaki humo, na mabaki hayo ndiyo yanayouzwa kwetu kwa jina la takataka.

Wiki ya kwanza nilibofya tu kitufe cha kusafisha, lakini wiki ya pili nilikaa na orodha ile na kuisoma mstari kwa mstari, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kulipa. Sehemu kubwa ya “makosa” ilikuwa majina ya faili zilizofunguliwa karibuni kutoka diski E na diski F. Mwenye steshenari ataelewa mara moja: hizo ni flashi za wateja. Siku nzima mtu anakuja na flashi yake, unafungua barua yake, unaichapa, anaondoka nayo, na Windows inabaki na kumbukumbu ya faili isiyokuwepo tena. Hapo palikuwa na “CV mpya mpya ya mwisho”, barua za kuomba kazi za vijana wasiopungua ishirini, maombi ya mkopo, na barua moja ya talaka ambayo sikupenda hata kukumbuka kwamba niliichapa. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa kosa la kompyuta. Hata hivyo, nililiona hapo jambo la maana kuliko kasi, nalo ni siri za wateja, na nikiri kwamba katika hilo pekee programu ilinisaidia, ingawa baadaye niligundua kwamba orodha hizo zinaweza kufutwa ndani ya Word yenyewe na kuzimwa katika mipangilio ya Windows bila kulipa senti.

Jaribio lililonifumbua macho zaidi nilifanya kwenye kompyuta ya mpwa wangu, ambayo fundi alikuwa ameisakinishia Windows upya siku mbili tu kabla. Haikuwa na kitu ila Word na kivinjari. Programu ilikuta makosa 214 na ikaitangaza kuwa nayo iko hatarini.

Kuhusu kasi, nilipima kwa saa ya simu, kuanzia kuiwasha upya kompyuta hadi ukurasa mtupu wa Word utokee, na nilirudia mara tatu kila hatua. Kabla ya kusafisha wastani ulikuwa dakika 4 na sekunde 10. Baada ya kusafisha makosa yote 1,312, dakika 4 na sekunde 6. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile iliyokuwapo kati ya kipimo kimoja na kingine cha siku hiyo hiyo. Nilitoa pia nakala ya rejista nzima kabla na baada: faili ilizidi MB 400, na ilichopungua baada ya usafi hakikufika hata MB 1. Sababu ni rahisi kuielewa ukishaambiwa. Windows haisomi rejista kuanzia mwanzo hadi mwisho kila inapotafuta jambo; hufuata njia ya ufunguo inaoutaka (yaani kifungu chenye jina ndani ya tawi), tawi baada ya tawi, hadi kuufikia, kwa hiyo ufunguo usiotafutwa na mtu haumcheleweshi mtu. Ni kama jina la mwanafunzi aliyehama lililobaki katika daftari la darasa jingine: linakaa pale, na mwalimu wako anaita majina ya darasa lake kama kawaida.

Sasa nije kwenye Jumatatu yenyewe. Mahesabu ya duka nayaweka katika programu ndogo ambayo data yake imo kwenye kompyuta ya pili, na kompyuta kuu huifikia kupitia mtandao wa ndani kama diski Z. Nilikuwa nimeiweka programu ya usafi ijiendeshe kila Jumamosi jioni. Mwezi wa nne wa kuitumia, Jumatatu saa mbili asubuhi, nafungua mahesabu, naambiwa data haipatikani na kwamba nianze kitabu kipya. Mbele yangu amesimama mama aliyekuja kumalizia malipo ya kadi 150 za harusi, na sina hata rekodi ya kiasi alichotanguliza. Alikuwa mwungwana, akaenda nyumbani kuleta risiti.

Kijana fundi aliyekuja alisikiliza maelezo yangu, kisha akauliza swali moja tu: “Mama, hiyo Jumamosi wakati inasafisha, kompyuta ya pili ilikuwa inawaka?” Ilikuwa imezimwa, kwa kuwa siku hiyo tulifunga mapema. Akacheka kidogo, kwa heshima. Programu ilikuta rejistani maandishi yanayoelekeza kwenye diski Z, ikaitafuta diski Z, haikuiona, ikahukumu kwamba maandishi hayo ni mabovu na kuyafuta. Haina namna ya kutofautisha kilichokufa na kilichosafiri. Diski ya mtandao iliyozimwa, flashi iliyochomolewa na skana ambayo haijachomekwa, kwake vyote ni marehemu.

Hapa niitendee haki: kabla ya kila usafi ilikuwa ikihifadhi nakala ya ilichokifuta, katika faili ya aina ya .reg yenye tarehe. Fundi alifungua ya Jumamosi ile kwa Notepad, na mstari wa kwanza ulisomeka “Windows Registry Editor Version 5.00”, kisha akatafuta herufi Z. Njia ya data yangu ilikuwa humo, mikwaju yake (alama ya \) ikiwa imeandikwa miwili miwili kama kawaida ya faili hizo. Aliibofya faili mara mbili, akakubali onyo, na mahesabu yakafunguka. Dirisha la skana, lililokuwa likijitokeza lenyewe ukibonyeza kitufe chake, halikurudi hadi tuliposakinisha upya draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia skana, na hapo ilikuwa saa sita mchana.

Nilipomuuliza mbona sikuonywa, alinionyesha kwamba onyo lipo siku nyingi. Microsoft yenyewe iliwahi kutoa chombo cha kazi hii katika miaka ya 1990, kilichoitwa RegClean, kisha ikakiondoa, na leo msimamo wake rasmi ni kwamba haiungi mkono matumizi ya programu za kusafisha rejista, ikitahadharisha kwamba zikiharibu mambo huenda ikabidi Windows isakinishwe upya. Alinionyesha pia folda ya RegBack, ndani ya System32\config, ambamo zamani Windows ilijiwekea nakala ya rejista. Faili zilikuwamo, zote zenye ukubwa wa KB 0. Tangu toleo la 1803 la Windows 10, la mwaka 2018, nakala hiyo haiwekwi tena yenyewe, jambo ambalo mtu anayefuta funguo kila Jumamosi angependa kulijua mapema.

Kilichoongeza kasi hakikuhusu usafi hata kidogo. Katika Task Manager, kwenye orodha ya vitu vinavyowaka pamoja na kompyuta, tulizima sita: vikumbushio viwili vya printa ambayo nilishaiuza, programu ya simu za video, na vingine vya namna hiyo. Kipimo kikashuka hadi dakika 2 na sekunde 50. Mwisho wa mwezi nilibadilisha diski ngumu kwa SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, ya GB 240, na sasa Word inafunguka kabla ya sekunde 45, hata ufagio sijaushika.

Utunzaji wa rejista ninaoufanya siku hizi ni mdogo. Nikitaka kusakinisha kitu kigeni, natengeneza kwanza nukta ya kurejesha mfumo, yaani hali ya Windows iliyohifadhiwa ili niweze kuirudia mambo yakiharibika, baada ya kuhakikisha kwamba huduma hiyo imewashwa, maana kwangu ilikuwa imezimwa. Programu nisiyoitaka naiondoa kwa njia yake halali, sio kwa kufuta folda. Ikitokea nalazimika kugusa ufunguo mmoja kwa regedit, programu ya Windows yenyewe ya kuhariri rejista, natoa nakala ya ufunguo huo kabla sijaugusa, na naihifadhi kwenye flashi, sio kwenye diski ile ile.

Naipa nyota mbili kati ya tano: moja kwa nakala za akiba zilizofanya kazi siku zilipohitajika, na ya pili kwa kunionyesha, bila kukusudia, ni kiasi gani cha mambo ya wateja wangu kilikuwa kimelala ndani ya mashine. Malipo ya kujirudia nimeyazima, na programu yenyewe niliiondoa Alhamisi iliyopita kupitia orodha ya programu za Windows, ikaniaga kwa kuniuliza kama nina hakika. Baadaye nilifungua regedit nikatafuta jina lake. Imeacha funguo kumi na moja.