Gudulia la Bahla: msome mfinyanzi kabla hujanunua

Haya, karibuni. Leo mezani kuna mtungi. Waomani wanauita jahla, sisi tungesema gudulia: tumbo la duara, shingo fupi, mwili mkavu usio na rangi wala mng'aro. Umetoka Bahla, bara ya Omani, si mbali na Nizwa, mji wenye ile ngome iliyoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1987. Kazi ya mtungi huu ni kupoza maji bila umeme, basi. Na kama unapoza au haupozi, hilo liliamuliwa siku ile ulipokuwa juu ya gurudumu. Kwa hiyo kabla hatujautia maji, tumtazame fundi.

Hapo kwenye picha ni gurudumu la mguu. Chini kuna duara kubwa zito, juu kisahani kidogo, na mhimili unaoviunganisha. Mguu unasukuma lile la chini, na uzito wake ndio unaoliendesha hata mguu ukipumzika. Wengi hukodolea macho mikono. Wewe mtazame mguu. Anapoliweka bonge la udongo sawasawa katikati, anapiga kwa kasi. Anapopandisha ubavu, anapunguza. Akifika mdomoni, ni kama mguu umelala. Mwanafunzi huharibu hapohapo: ubavu umeshakuwa mwembamba, yeye bado anakazana kupiga teke, mtungi unatanuka wenyewe, shingo inafunguka kama sinia. Anarudi kukanda upya.

Simamisha picha hapa. Mkono wa kushoto uko ndani, wa kulia uko nje na kidole cha shahada kimekunjwa. Udongo umebanwa katikati ya vidole vya ndani na kifundo cha nje, na mikono yote miwili inapanda pamoja kutoka kitakoni hadi mdomoni, pole, bila kusita. Akisita njiani, hapo patabaki mkunjo, na mkunjo ni mahali ambapo ubavu utakuja kukaa chini. Mara tatu hivi anapanda, na bonge limekuwa ukuta. Angalia pia jinsi anavyobania maji. Anachovya vidole viteleze tu. Udongo ukilewa maji unalegea, tumbo linaporomoka. Na kabla hajaukata mtungi kwa uzi, anafuta maji yaliyotuama ndani kwa kitambaa. Mtu asiyejua ataona usafi. Kumbe maji yakibaki pale, kitako kitachelewa kukauka wakati ubavu umeshaanza kusinyaa, na mwisho utapata ufa katikati ya kitako, umejipinda kama herufi S. Ufa huo hauzibiki.

Najua watu wa Usangi, kule Upareni, na wa kule kwa Wakisi, Ziwa Nyasa, wananisubiri: mbona mama zetu hawana gurudumu na vyungu vyao vimeviringana? Kweli kabisa, na kwa macho yangu kazi yao ni ngumu zaidi, maana jicho ndilo gurudumu. Ila hiyo ni kazi nyingine, tutaitazama peke yake.

Turudi kwenye mtungi wetu. Kitako chake ni cha duara, na gurudumu huzaa kitako bapa. Maana yake kulikuwa na kazi ya pili. Fundi huacha udongo ukauke nusu, ukiubonyeza unaacha alama lakini kidole hakizami, kisha anapunguza unene wa chini. Mfinyanzi mvivu huiruka hatua hii. Pitisha mkono ndani, mwingine nje, uende nao toka mdomoni hadi chini. Kama ubavu ni mwembamba na kitako ni kama tofali, uache hapohapo dukani. Ndani utasikia mistari ya vidole inayopanda kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara. Ukikuta ndani ni laini kabisa, na nje kuna mshono wima pande mbili, huo umemiminwa kwenye kalibu. Si haramu kuuza hivyo, lakini usilipe bei ya gurudumu.

Kisha ugonge kwa kifundo cha kidole. Uliochomwa vizuri hulia kama kengele ndogo. Ukitoa sauti ya ubao, una ufa au moto haukutosha.

Sasa maji. Mtungi huu unapoza kwa kutoa jasho: maji hupenya kwenye vitundu vya udongo, yanafika nje, yanageuka mvuke, na yakiondoka yanabeba joto. Ikivukizwa sehemu 1 kati ya 100 ya maji yaliyomo, inatosha kushusha yaliyobaki digrii 5 na zaidi kidogo, kama joto lingetoka kwenye maji peke yake. Ndiyo maana ukiona umepakwa vanishi ili upendeze, hilo ni pambo la sebuleni.

Hapa niseme ukweli ambao wauzaji hawausemi. Bara ya Omani, hewa ikiwa na joto la digrii 40 na unyevu wa asilimia 15, kikomo cha kupoa ni kama digrii 21. Mtungi hautafika hapo ila utasogea. Ukiwa Zanzibar au Mombasa, joto 33 na unyevu asilimia 75, kikomo ni 29. Mtungi ni uleule, fundi ni yuleyule, hewa ndiyo imekataa. Dodoma wakati wa kiangazi, huo utakufaa. Pwani utapata maji yenye harufu tamu ya udongo, ubaridi kidogo, basi.

Ukiununua, usiuoshe kwa sabuni hata mara moja. Udongo utainywa, nawe utainywa baadaye. Ujaze, uache siku nzima, mwaga, rudia mara mbili tatu mpaka ladha ya vumbi iishe. Uweke kivulini penye upepo, juu ya kigoda au umening'inizwa kwa kamba, na chombo chini yake. Kuloa nje ni sawa. Kuchuruzika si sawa. Baada ya muda utaona unga mweupe ubavuni. Ni chumvi ya maji inayoziba vitundu. Uanike juani ukauke kabisa, usugue kwa brashi ngumu, uanze tena.

Na mnaoupeleka nyumbani kwa ndege: jaza nguo ndani, siyo nje tu, maana shingo huvunjika kwa kugongwa, nalo bega la mtungi hupasuka kwa kukandamizwa. Ubebe mkononi, na uwe tayari kumweleza mtu wa forodha kwamba ndani hamna kitu ila kanga.