Uzio wa nguzo za zege na paneli za mbao: upi uchukue, upi uuache dukani

Mnunuzi akifika dukani macho yanakwenda kwenye paneli. Ndiyo yenye rangi, ndiyo yenye harufu ya mbao mpya, ndiyo wageni watakayoisifu. Nguzo anachukua zozote zilizopo, na ubao wa chini, ule unaokaa kati ya udongo na paneli, unakuwa wa kwanza kufutwa hesabu ikizidi mfuko. Mimi ningeanzia upande wa pili. Nguzo ikishashikwa na zege ardhini, kuing'oa ni kazi ya sururu na kuumia mgongo. Paneli unaichomoa kwa juu, unatumbukiza nyingine, na kabla ya mchana kazi imekwisha. Kwa hiyo pesa ziende kwanza kwenye nguzo, kisha ubao wa chini, kisha paneli. Ukibanwa, punguza kwenye paneli.

Nguzo

Namba moja ni nguzo yenye mfuo ubavuni, ule mfereji mwembamba unaoshuka kutoka juu hadi chini, ambamo paneli inateleza na kukaa bila msumari wala skrubu. Ziko za aina tatu: ya kati ina mifuo miwili inayotazamana kinyume, ya mwisho ina mmoja, ya kona ina miwili iliyokaa pembe mraba. Zihesabu kila aina peke yake kabla ya kuagiza. Ukiweka nguzo ya kati mwishoni mwa uzio utabaki na mfuo wazi usio na kazi, na hilo linavumilika. Ukiiweka kwenye kona umekwama, maana paneli ya pili haina pa kuingia.

Ya pili ni nguzo yenye matundu. Hapa hununui paneli iliyokamilika: unapitisha boriti nyembamba za mbao kwenye matundu, kisha unapigilia mbao za wima moja baada ya nyingine. Kazi ni ndefu na fundi atadai zaidi. Ila kwenye mteremko nguzo hii inaishinda ile ya kwanza, kwa sababu boriti zinaweza kuinama kidogo kufuata ardhi. Paneli ya kwenye mfuo haiinami, lazima ushuke kwa ngazi, na kila ngazi inadai nguzo ndefu zaidi na kuacha pembetatu wazi chini ambayo utaijaza kwa kitu fulani.

Ya tatu ni nguzo fupi ya kuegemeza, ambayo nusu yake inazikwa na nusu nyingine inafungwa kwa bolti kwenye nguzo ya mbao iliyooza kitako. Hii ni ya kuokoa uzio uliopo. Kama unaanza upya, usinunue mbao za kusimamisha halafu ukazinunulia na fimbo za kuegemea.

Aina ukishaichagua, ikague nguzo yenyewe, moja moja. Ndani ya zege kuna nondo nyembamba, na uhai wa nguzo ni zege linalozifunika. Tazama kingo na pembe za mifuo: ukiona nondo inachungulia au alama ya kutu, iache. Maji yatafika kwenye chuma, chuma kitaota kutu na kuvimba, na zege litapasuka kwa ndani mpaka vipande vianze kudondoka. Kwaruza kwa msumari. Zege zuri linabaki na mstari tu, bovu linatoa unga. Kisha funga jicho moja uitazame nguzo kwa urefu wake kama fundi anavyokagua ubao. Nguzo iliyopinda inakula paneli, maana mfuo utabana juu na kulegea chini. Muulize muuzaji pia ilimwagwa lini. Zege hupimwa nguvu zake likiwa na siku 28, na nguzo ya wiki iliyopita inaweza kupata ufa garini kabla hujaishusha.

Urefu ndio unaowakosesha wengi. Paneli ya mita 1.8 juu ya ubao wa chini wa sentimita 30 inafanya mita 2.1 juu ya ardhi. Ongeza angalau sentimita 60 za kuzikwa, umefika mita 2.7. Sasa ile nguzo ya mita 2.4 iliyopangwa mbele ya duka itabaki na sentimita 30 tu udongoni, na upepo wa kwanza wa maana utailaza. Ardhi ikiwa ya kichanga au tope, chimba zaidi ya 60.

Na uzito. Nguzo ya mfuo ya mita 2.4 inakaribia kilo 50 au kuzidi. Ibebwe na wawili, ubavu wake mpana ukiwa umesimama wima. Ikilazwa bapa na kushikwa ncha kwa ncha inaweza kukatika katikati kwa uzito wake yenyewe.

Ubao wa chini

Huu ni ule ubao unaolala kati ya nguzo mbili, chini ya paneli. Wa zege ni wa kwanza bila mjadala. Upo wa sentimita 15 na wa sentimita 30. Mbao huoza pale fangasi wanapopata unyevu, yaani maji yakizidi asilimia 20 hivi ya uzito wa mbao kavu, na ubao unaogusa udongo hauko chini ya hapo kwa muda mrefu. Penye mchwa sababu ni mbili. Wa mbao uliotiwa dawa ya kugusa ardhi unakuja wa pili, na faida yake ni kwamba unakatika kwa msumeno na ukioza unaubadilisha peke yake. Kutouweka kabisa ubao huu ni chaguo la mwisho. Usipouweka, paneli yenyewe ndiyo inakuwa ubao wa chini, na itaanza kufa kuanzia miguuni.

Tahadhari moja: ubao huu si ukuta wa kuzuia kifusi. Ukirundika udongo wa bustani upande mmoja utasukuma nguzo, na nguzo hazikununuliwa kwa kazi hiyo.

Paneli

Kabla ya kuzipanga, fikiria upepo, kwa sababu ndio unaoamua mshindi. Paneli isiyo na upenyo ni tanga. Upepo wa kilomita 72 kwa saa unaisukuma paneli ya mita 1.8 kwa 1.8 kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 80. Upepo ukifika kilomita 108 nguvu inapita kilo 180, kwa sababu msukumo unakua kwa mraba wa kasi. Nguvu hiyo yote inaishia kwenye nguzo mbili na mashimo yake.

1. Mbao za wima zinazolaliana. Kila ubao una upande mnene na upande mwembamba, na mnene wa huu unalalia mwembamba wa ule. Penye upepo wa kawaida, hii ndiyo paneli ninayoitetea. Maji yanashuka na nyuzi za mbao badala ya kutuama, hakuna pa kuchungulia, wala mtoto hapati pa kukanyaga upande wa mbele. Igeuze utazame mgongo wake. Kwa kimo cha mita 1.8 iwe na papi tatu za kulala, vile vipande vyembamba vya mbao vinavyoshikilia paneli kwa nyuma. Zikiwa mbili, mbao zitajikunja katikati. Kisha tafuta misumari. Kila ubao ushikwe na msumari mmoja kwenye kila papi, na msumari huo usitoboe ubao wa jirani. Mbao hutanuka zikilowa na kunywea zikikauka. Msumari unaoshika mbili kwa pamoja unazizuia, na ubao unapasuka. Pima na kiasi cha kulaliana: chini ya sentimita moja na nusu, kiangazi kitafungua nyufa.

2. Mbao za kupishana. Ubao mmoja mbele, unaofuata nyuma, na hewa inapita katikati. Ukisimama mbele yake huoni ndani, ukitazama kwa mshazari utaona kidogo. Mahali palipo wazi, juu ya kilima au karibu na maji, hii inapanda kuwa ya kwanza, maana upepo unapungua nguvu ukipita badala ya kugonga. Tena ni nzuri pande zote mbili, kwa hiyo hakuna ugomvi wa nani apewe mgongo. Ni nzito na inakula mbao nyingi, nayo bei yake inaonyesha hivyo.

3. Fito za kulala zenye nafasi. Sasa hivi ndiyo fasheni, na kwa kweli inapendeza. Lakini angalia unene: fito nyembamba za kulala zenye urefu wa karibu mita 2 hupinda kwa jua, na moja ikipinda jicho halioni nyingine. Lazima iwe na papi ya kusimama katikati. Fito za kulala pia ni ngazi tayari kwa anayetaka kupanda.

4. Kimia cha fito. Usiri hakuna, upepo hauna habari nacho. Kinafaa kwa mimea ya kutambaa, au kipande kifupi juu ya paneli nyingine. Ukishakijaza majani kihesabu kama paneli iliyozibwa.

5. Mbao nyembamba za kulala zinazolaliana, zilizobanwa ndani ya fremu ya papi. Ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayouzwa sana. Mbao zake ni nyembamba mno, pengine milimita 5 hadi 8, na fremu imeshikwa na misumari ya kuhesabika. Kwenye kona iliyojikinga, kwa kimo cha mita 1.2, haina ubaya. Kwa mita 1.8 mahali penye upepo utasikia inapiga kelele usiku. Lakini kama umebanwa na nguzo zako ni nzuri, chukua hii leo na uibadilishe ukijaliwa, maana mfuo unapokea yoyote ya upana huohuo.

Mbao na dawa

Mwerezi, mvule na mtiki zina ukinzani wao wa asili kwenye kiini cha mti. Ule weupe wa nje ya gogo hauna, hata kwenye mtiki. Msonobari hauna kinga ya kutegemea, kwa hiyo dawa ndiyo maisha yake. Na dawa si moja. Mbao zilizochovywa zimepata koti la juu tu, na utahitaji kuzipaka upya mara kwa mara. Zilizotiwa dawa kwa mgandamizo ndani ya tangi zimenyweshwa kwa kina. Omba kuona ncha iliyokatwa: kama rangi ya dawa imeishia juu juu kama ganda, umejua unanunua nini.

Dawa nyingi za siku hizi zina shaba, na shaba inakula chuma kitupu. Misumari iwe iliyopakwa zinki kwa kuchovywa, au chuma kisichoshika kutu. Mabaki ya mbao hizo yasiingie jikoni wala kwenye moto wa takataka, maana moshi na majivu yake ni sumu.

Hesabu

Paneli ya kawaida ina upana wa mita 1.83, na kati ya mfuo hadi mfuo nguzo inaongeza kama sentimita 5. Kila hatua basi ni mita 1.88 hivi. Mstari wa mita 20 unatoa paneli kumi nzima na kipande cha zaidi kidogo ya mita moja, kwa hiyo nunua paneli 11, nguzo 12: kumi za kati, mbili za mwisho. Usisahau mbao za chini 11. Vipimo vya viwanda havifanani, kwa hiyo pima paneli na nguzo utakazonunua wewe, na ikiwezekana zitoke duka moja. Mfuo ukiwa na milimita 50 na fremu ya paneli 40, paneli itagongagonga. Kabari za mbao zilizopigwa taratibu pande zote mbili zinamaliza kelele.

Siku ya kusimamisha

Ulizia kwanza mamlaka ya eneo kuhusu kimo kinachoruhusiwa, zungumza na jirani kuhusu mpaka, na hakikisha hakuna bomba wala waya chini. Tazama na juu: paneli inaingia kwa kushushwa kutoka juu ya nguzo, kwa hiyo tawi la mti au ukingo wa paa unaweza kukuzuia.

Vuta kamba kati ya vigingi viwili. Shimo liwe na upana wa sentimita 30 hivi. Usisimamishe nguzo zote kwanza kisha ukaanza kutafuta paneli zinazoingia. Weka nguzo, ubao, paneli, nguzo, ukienda mbele hivyo. Kila nguzo ipimwe kwa pima maji pande mbili, kisha ishikiliwe kwa mihimili ya mbao. Zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne linatosha, na uso wake uinamie nje ili maji yasisimame kitakoni. Mihimili usiiguse kwa siku mbili angalau, na upepo ukitangazwa chomoa paneli kwanza mpaka zege lishike.

Kipande cha mwisho karibu kila mara kitahitaji kukatwa. Ng'oa papi za pembeni za upande mmoja, kata paneli kwa upana unaotakiwa, rudisha papi na uzipigilie, kisha paka dawa kwenye kila ncha mpya mpaka mbao ikatae kunywa, kwa kuwa pale msumeno ulipopita dawa ya kiwandani haipo tena.