Kengele ya sikioni ya kuzuia usingizi: nyota 2 kati ya 5

Kidude hiki chepesi huvaliwa nyuma ya sikio na hutumia betri ya duara kama ya saa. Kichwa kikiinama mbele, kinalia. Kasoro ni kwamba usingizi wa sekunde 3 humnasa dereva shingo ikiwa bado wima. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori limeshakwenda mita 66. Ukiangalia dashibodi nacho kinapiga kelele bure, kwa hiyo usishangae ukikivua kabla ya Chalinze. Dar hadi Mbeya, bora uegeshe kwenye kituo cha mafuta, unywe kahawa upesi, kisha ulale dakika 20 tu: kafeini huanza kushika unapoamka. Ukizidisha, utaamka mzito.