Programu ya kusasisha draiva iliniangusha, na fundi akaniuzia RAM nisiyoihitaji

Sina kawaida ya kuandika maoni mtandaoni, ila hili nimekaa nalo wiki kadhaa na kila nikifungua droo nikaiona ile RAM hasira inarudi upya, kwa hiyo naandika.

Nina steshonari hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kompyuta yangu ni desktopu ya mtumba, Core 2 Duo, RAM giga 4, imepigwa Windows 10, ya zamani ndiyo, nakubali, lakini ndiyo iliyonilipia kodi ya fremu na ada za watoto kwa miaka, na mtu akiiita kopo mbele yangu inaniuma kweli. Asubuhi ilikuwa nzito kidogo kuwaka basi, hakuna kingine.

Siku moja nikashusha programu ya kupangia picha za pasipoti. Wakati naiinstoo ikaniletea na nyingine pembeni, ya kusasisha draiva, yaani vile viprogramu vinavyoiwezesha Windows kuendesha vifaa vya mashine. Jina lake siliandiki. Ikaskani mashine, baada ya muda mfupi ikanitolea orodha ndefu yote nyekundu, draiva 31 zimepitwa na wakati, hatari, na nyingi zimeandikwa tarehe 21 Juni 2006. Mtu ukiona 2006 unashtuka, unasema kumbe ndiyo maana mashine nzito, vitu vimeoza humu ndani. Nikabonyeza sasisha zote. Ikashusha, ikainstoo, ikarestati, na ilipowaka nikakuta na antivairasi mpya ambayo sikuiomba, wakati ya kwangu ipo pale pale inafanya kazi.

Hiyo tarehe nimekuja kuielewa baadaye na ndiyo inayonichoma kuliko vyote. Draiva nyingi za Microsoft wenyewe zinazokuja ndani ya Windows, wanaziandika tarehe hiyo moja, 21 Juni 2006, kwa makusudi kabisa, ili ukiweka draiva ya mtengenezaji wa kifaa ionekane mpya kuliko ya kwao na mashine ichague ya mtengenezaji. Yaani haina maana kwamba ni kuukuu, inaweza kuwa imeguswa juzi juzi tu. Sasa mtu aliyetengeneza programu ya kushughulika na draiva hilo halijui? Analijua! Anakuonyesha 2006 kwa rangi nyekundu ili uogope.

Kesho yake ndiyo balaa. Ilikuwa msimu wa maombi ya Bodi ya Mikopo, siku za mwisho mwisho, foleni hadi nje kwenye vumbi. Kuna binti alitoka Uvinza na mama yake, fomu imeshasainiwa, nimeskani kila ukurasa, naanza kuzipandisha kwenye mfumo, skrini ikawa bluu. Ile sura ya huzuni na maandishi, sekunde chache, mashine ikajirestati. Nikarudia, bluu tena. Mara ya tatu nikawahi kuipiga picha kwa simu, kulikuwa na herufi kubwa zinaanza na DRIVER_IRQL na chini yake jina la faili linaloishia na .sys. Yule mama hakunigombeza, alikaa kwenye benchi ameshika bahasha yake ananiangalia tu, na nilijisikia vibaya kuliko kama angenitukana. Nikawapeleka kwa jirani wakamalizia huko, pesa yote nikamwachia jirani.

Nikaizungushia sipiyu kitenge, bodaboda, mpaka kwa fundi. Duka lina jina kubwa hapa mjini, nalo silitaji.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize. Nilimsalimia vizuri, nikaanza kumwelezea, fundi, hii mashine jana niliinstoo kitu na leo inazima nikipandisha mafaili kwenye intaneti, na picha ya skrini hii hapa. Nikanyoosha simu. Akausukuma mkono wangu. Hakuitazama ile picha hata kwa sekunde moja! Akasema, tena kwa sauti ya watu wote dukani kusikia, "Mama, fundi ni mimi au wewe? Hii mashine ni ya makumbusho, Microsoft wenyewe Oktoba wanaitupa." Vijana waliokuwa wanasubiri simu zao wakacheka. Mimi mtu mzima, nina wateja wanaoniheshimu, nimesimama na simu yangu mkononi nachekwa kwa sababu nimejaribu kueleza kinachonisumbua.

Hiyo ya Oktoba ni kweli, Windows 10 mwisho wa kupewa masasisho ya bure ya kawaida ulikuwa Oktoba 14, 2025. Lakini mwisho wa masasisho na mashine kuzima leo mchana vinahusiana nini? Mashine haizimi kwa sababu kuna tarehe inakuja.

Akafungua, akapuliza vumbi, akasema RAM imekufa, elfu 35. Nikalipa. Akaiwasha, ikakaa saa mbili haijazima, akaniambia "si unaona". Nimerudi nayo steshonari kwangu, nimechomeka waya wa neti, nimefungua mfumo, nusu saa haikuisha, bluu. Nikairudisha. Safari hii akasema ni pawa saplai, elfu 40. Wala hakushika bisibisi. Nikamwambia hapana, nikabeba mashine yangu, nilikuwa nakaribia kulia na sioni aibu kusema.

Niko nje natafuta bodaboda akanifuata kijana mmoja wa pale, yuko field, bado mwanafunzi. "Shikamoo mama. Naomba niione ile picha." Akaikuza, akasoma lile jina la faili, akaniambia mama hii siyo RAM, hili ni faili la draiva ya kadi ya mtandao. Jioni akafika steshonari na flashi yake, hakuniambia hata bei.

Swali lake la kwanza hakuna aliyewahi kuniuliza: ukichomoa waya wa neti inazima? Tukachomoa. Ikakaa. Nikatype barua tatu, nikaprinti, nikatoa kopi, imetulia kabisa. Na ndiyo maana kwa bosi wake ilikaa zile saa mbili, pale haikuwa na neti! Jibu lilikuwa hapo hapo mezani kwake.

Alinieleza hivi na nilimwelewa. Programu ya kawaida ikikosea inafungwa peke yake, mashine inaendelea. Draiva nyingi zinakaa ndani kabisa pamoja na moyo wa Windows, moja ikigusa sehemu ya kumbukumbu isiyotakiwa kuigusa wakati ule, Windows inaamua kuzima kila kitu isije ikaharibu zaidi. Na antivairasi nazo zinaweka draiva zao humo humo ndani ili zikague kila kinachopita, sasa mimi nilikuwa nazo mbili zinagombania njia moja, juu ya draiva ya mtandao ambayo siyo ya kadi yangu. Nikipandisha faili zito vyote vinaamka kwa pamoja. Akanikumbusha ile Julai 2024, CrowdStrike walipotuma sasisho lenye kasoro kwenye programu yao ya ulinzi, kompyuta kama milioni 8.5 duniani zikapigwa bluu, mpaka viwanja vya ndege vikakwama. Mashine mpya na za zamani, zote. Sasa hapo nani atasema tatizo ni umri?

Kazi yenyewe, naandika kwa ajili ya mwenye shida kama yangu. Alishikilia Shift akabonyeza kurestati, akapita kwenye zile menyu, akaingia sefu modi, ile Windows inawaka na vitu vya msingi tu, kwa kubonyeza 4. Huko akafungua folda ya C:\Windows\Minidump, kila bluu inaweza kuacha faili lake hapo, akalisoma kwa kiprogramu kidogo cha bure kinaitwa BlueScreenView cha NirSoft, kikaonyesha namba ya kosa 0x000000d1 na faili linaloshukiwa limewekewa rangi ya waridi. Lile lile la kwenye picha yangu! Akaenda Divaisi Meneja, kwenye orodha ya vifaa vya mashine, kurudisha draiva ya nyuma, kitufe kimefifia, hakibonyezeki, haikuwepo ya kurudishwa. Akatafuta pointi ya kurejeshea mfumo, hakuna hata moja, ulinzi wa mfumo, ule unaotunza pointi hizo, ulikuwa umezimwa muda wote, na ile programu haikuniambia, ilinipitisha tu. Kwa hiyo akaiondoa ile kadi kwenye orodha na kuweka tiki ya kufuta draiva yake pia. Antivairasi ya pili ikagoma kutoka ndani ya sefu modi, kwa sababu huduma inayotumika kutolea programu nyingi huwa haifanyi kazi huko, ikabidi tuwashe kawaida waya ukiwa umechomolewa, akaitoa, akaitoa na ile ya kusasisha draiva, akarestati. Windows ikajiwekea draiva yake yenyewe ya mtandao.

Akachomeka waya. Tukapandisha faili zito makusudi, mara kumi. Haikuzima. Mpaka leo haijazima, na hilo la masasisho ya usalama kuisha tutalipangia akili nyingine.

Haya, hukumu. Ile programu nilitaka niipe sifuri. Kuwa mkweli, mdogo wangu yuko Ujiji ana leptopu mpya mpya, aliiweka hiyo hiyo na hakupata shida, sauti iliyokuwa haitoki ikatoka. Kwa hiyo labda kwa mashine mpya inafaa, labda nyota mbili. Hapana. Mtu anayekuonyesha tarehe ya kukutisha, anakupachikia antivairasi bila ridhaa na hahakikishi kama una njia ya kurudi nyuma, hastahili nyota. Sifuri, sibadilishi.

Duka la fundi ndilo linanisumbua. Kijana alitoka pale pale, amefundishwa pale pale, nikisema msiende namwonea, na huenda bosi ana mambo mazuri ambayo mimi sikuyaona. Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu kwa ajili yake. Halafu nikakumbuka mkono wangu unasukumwa na wale vijana wanacheka, nikakumbuka jibu lilikuwa kwenye simu ile ile aliyoisukuma. Nyota moja, na hiyo moja ni ya kijana. Kijana mwenyewe nilimpa elfu 20 akakataa, nikamlazimisha akapokea elfu 10 na migebuka ya kupeleka nyumbani. Field yake imeisha ameondoka, sijui sasa pale nani atakayemuuliza mteja kama mashine inazima neti ikichomolewa.

RAM niliyouziwa tuliitoa tukarudisha ya zamani, mashine inafanya kazi vile vile. Nimeenda mara mbili kudai elfu 35 yangu, mara ya kwanza bosi kasafiri, mara ya pili nikaulizwa risiti. Risiti hakunipa. Jumatatu naenda tena, na safari hii naenda na simu yenye ile picha, ataiangalia.