Shokapu za YZ kwenye Honda XL 125 ya zamani, na gereji iliyonifungia kopo la soda

Nianze na shokapu zenyewe, kwa sababu hazina kosa lolote na sitaki hasira yangu iziangukie. Ni za mbele za Yamaha YZ 125, pikipiki ya mashindano ya motokrosi, zile zilizopinduliwa, ambazo bomba nene liko juu na chuma kinachong'aa kiko chini. Nilizipata kwa muuza spea za mtumba wa Kariakoo zikiwa kamili, pamoja na tairi, disiki, kalipa na pampu ya breki, zikaja Mtwara kwa basi ndani ya gunia. Honda XL 125 yangu ya zamani ilikuwa na shokapu nyembamba na breki ya drami ambayo, ukiteremka kutoka Newala kwenda bonde la Ruvuma, ilikuwa inakuachia dua tu. Anayeishi huku kwenye uwanda wa Makonde anaujua mchanga wetu: tairi la mbele linazama, usukani unajitafutia njia yake wenyewe, na shokapu zilizochoka zinalala mpaka chuma kinagonga chuma. Hizi hazilali. Hata leo, pamoja na yote nitakayoyaeleza, nikipanda pikipiki hiyo nauona utofauti kabla sijaimaliza njia ya kutoka nyumbani.

Tatizo ni gereji, na kwa usahihi zaidi ni kipande kimoja cha bati. Kuhamisha shokapu kutoka pikipiki moja kwenda nyingine si kazi ya kuingiza mabomba na kukaza nati. Ugumu wote uko kwenye shingo ya fremu, pale inapopita nguzo ya usukani. XL za zamani zinazungusha usukani kwa gololi zilizopangwa ndani ya mabakuli, ilhali YZ inatumia beringi za roli, na vipimo vya nguzo na vya mabakuli havilingani. Fundi anayeijua kazi yake hutafuta beringi ambayo tundu lake la ndani linaikubali nguzo mpya na mzingo wake wa nje unakaa sawasawa kwenye shingo ya zamani, au huenda kwa mchongaji vyuma akachongewa bushi ya kuziba tofauti hiyo. Hilo nilimuuliza mwenye gereji, hapahapa Mtwara mjini, kabla sijamkabidhi funguo. Akanijibu, "Mzee wangu, ondoa shaka, hayo mambo tunayo ya kwetu." Ya kwao, kumbe, ni makopo ya soda.

Haki yao niwape, maana kazi nyingine waliifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Walibadilisha sili zote mbili, wakatia oili nyepesi ya shokapu badala ya ile ya injini ambayo mafundi wengi wa huku huimimina bila aibu, tena wakapima usawa wake bomba kwa bomba, shokapu ikiwa imebonyezwa na springi ikiwa nje. Breki waliitoa hewa mpaka ikawa inashika kwa kidole kimoja. Kwa kuwa shokapu za YZ zina mwendo wa karibu milimita 300, waliyapandisha mabomba kidogo kwenye vishikio vyake ili pikipiki isinyanyue kichwa kama mbuzi anayekataa kamba. Walichokiruka ni vizuizi vya usukani, vile vinavyouzuia usizunguke kupita kiasi. Mabomba yale ni manene, na kila nilipokata kona kali yalikuwa yanaligonga tangi, ambalo sasa lina vibonyeo viwili, kimoja kulia na kingine kushoto, vinavyotazamana. Hilo ningelisamehe.

Siku za mwanzo nilikuwa mtu wa kusifia. Majirani waliokuja kuiangalia nilikuwa nawaambia waende palepale, na mmoja nusura aende. Kisha, msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ulipokaribia, nikaanza kusikia kitu kinagonga kidogo kwenye viganja kila ninaposhika breki ya mbele. Nilifanya kipimo ambacho yeyote anaweza kukifanya: shika breki ya mbele, isukume pikipiki mbele na kuirudisha, huku kidole cha mkono mwingine kimegusa mahali shingo ya fremu inapokutana na kishikio cha chini. Kama kuna mchezo, yaani ulegevu, kidole kitauhisi. Kwangu haukuwa mchezo, ilikuwa ngoma kamili. Niliwapigia simu, wakaniambia beringi mpya huwa zinajikalisha zenyewe na nitumie tu.

Nikatumia. Nikiwa katikati ya mteremko wa Newala, mfuko wa salfa ukiwa nyuma, usukani uligoma kurudi kutoka upande wa kushoto. Haukukaza kabisa, ila ulikuwa unakwenda kwa kukwama na kuachia, na kwenye njia ya mchanga yenye korongo upande mmoja hilo halina tofauti kubwa na kukatika. Nilisimama kwa sababu breki mpya ilishika, nami nalisema hilo kwa shukrani. Nilipoinama kuangalia, chini ya shingo kulikuwa kumechungulia ulimi wa bati, mwembamba, umechanika ukingoni, na juu yake rangi nyekundu na nusu ya herufi nyeupe bado zinasomeka. Bakuli la beringi lilikuwa dogo kuliko tundu la shingo, nao wakalizungushia utepe waliokata kwenye kopo ili libane. Utepe ulipochanika, bakuli likalala upande.

Pikipiki ilipakiwa kwenye Kenta mpaka Masasi, kwa mzee mmoja mchongaji vyuma ambaye haongei sana. Aliufungua usukani, akalitazama bati lile kwa muda mrefu, akaliweka pembeni ya mashine yake bila neno. Kisha akaniomba nimletee nguzo ya zamani na mabakuli yake ya gololi ili achukue vipimo, kwa kuwa alitaka kuona urefu wa shingo unavyokaa kabla ya kuagiza beringi. Vitu hivyo vilikuwa vimebaki gereji, pamoja na shokapu za zamani na tairi lake, kwa makubaliano kwamba nitavifuata nikipata usafiri.

Ndipo nikarudi Mtwara, na hapo ndipo ninapotaka msomaji anisikilize. Nilimkuta mwenye gereji amekaa kwenye kiti cha plastiki anakula muhogo wa kuchoma. Nilimsalimu vizuri, nikamwonyesha lile bati. Akalishika kwa vidole viwili, akawageukia vijana wake, akacheka. "Mzee wangu, pikipiki yenyewe imenizidi umri, wewe ulitaka nikuwekee dhahabu?" Vijana nao wakacheka. Nikauliza nguzo yangu iko wapi. Akasema vitu vyangu vyote vilikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kuwa "vilikuwa vinaziba njia." Hakuniambia pole, wala hakunikaribisha kukaa. Mtu mwenye umri wa kuwa baba yake amesimama juani na ushahidi mkononi, naye anaendelea kumenya muhogo.

Yule mzee wa Masasi alilazimika kupima shingo yenyewe kwa ndani, akaagiza beringi kutoka Dar es Salaam kwa namba zake, na bakuli la juu lililopungua kidogo akalichongea pete ya chuma, ikaingia kwa kugongwa taratibu na haijatikisika hadi leo. Akavijaza vyuma vizuizi vya usukani ili mabomba yasifike tena kwenye tangi. Alinionyesha pia skrubu za kurekebisha kasi ya shokapu kushuka na kurudi, akazilegeza, maana zilikuwa zimewekwa ngumu za mashindano na mimi nabeba salfa.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeazimia kusema gereji ile haifai hata kuziba pancha. Halafu nikazikumbuka zile sili ambazo hazijavuja tone, na breki iliyoniokoa pale mteremkoni, nikasema labda kwa kazi ya breki na oili mtu anaweza kwenda, mradi shingo ya pikipiki yake wasiiguse. Halafu nikakikumbuka kile kicheko. Hapana, msiende, hata kwa breki. Shokapu nunueni, XL ya zamani inazistahili, ila kazi ya shingoni mpeleke kwa mchongaji kwanza na mlione kila bakuli linavyoingia kwa macho yenu. Gereji bado inanitumia ujumbe kudai baki la ufundi. Nimewajibu kwamba nitatoa humo bei ya beringi, ya kuchonga, ya Kenta na ya nguzo yangu waliyoiuza, na kwa hesabu niliyoipiga, wao ndio wanaodaiwa.